Ombi Limepitia kwa Kamati

Jumatatu, 13 Januari

Shuka la nne tangu saa tatu asubuhi. Naloweka, nakamua, namfunika mume wangu Elijah kifuani, nasubiri. Dakika kumi limekauka. Naanza upya.

Kipima joto: 38.4. Si homa. Dawa za homa hazimsaidii chochote. Tangu shimo la dhahabu la Macalder limwangukie mwaka juzi na kumkata uti wa mgongo, mwili wake kutoka kifuani kwenda chini hautoi jasho. Joto likiingia halina pa kutokea. Daktari alinieleza mara moja tu, nikaelewa, nikatamani nisingeelewa.

Feni inazunguka na kutupulizia joto lile lile. Tuko ghorofa ya tatu, ya mwisho. Juu yetu ni zege, na juu ya zege ni jua la Homa Bay. Elijah alinunua nyumba hii akiwa na miguu yake, kwa sababu ya dirisha. Alitaka kuona ziwa. Sasa ziwa naliona mimi ninapoanika shuka, na silipendi.

Jumatano, 15 Januari

Fundi Were amekuja kutoka Kisumu. Mtu wa maneno machache. Amepima vyumba, amepanda juu ya paa, ameshuka akitikisa kichwa.

Nilidhani ni jambo la kununua AC na kuifunga ukutani, nje ya dirisha. Haiwezekani. Kanuni ya saba ya nyumba hizi: hakuna kifaa kitakachoning'inizwa kwenye ukuta wa nje. Ukuta ni wa wote sita wenye nyumba. Paa ni la wote. Korido na dari yake ni ya wote. Chetu sisi ni nini? Plasta ya ndani na rangi tuliyoipaka.

Were anasema kuna njia moja. Mashine ikae juu ya paa, mahali isipoonekana. Hewa baridi ishuke kwa mabomba mapana, yeye anayaita dakti, yapite ndani ya dari ya korido, yaingie juu ya mlango wetu, yatoe matundu mawili chumbani kwa Elijah. Ukutani hapaguswi. Lakini lazima kamati ikubali kwa maandishi, na jirani wa korido yetu aweke sahihi.

Jirani ni Bi Zuhura. Basi.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeandika ombi. Nimelichana mara mbili. La tatu nimemsomea Elijah, akanisahihisha nambari ya kanuni. Anazijua zote kwa kichwa. Aliziandika yeye, alipokuwa mwenyekiti wa kwanza.

Lazima niliandike hili hapa, maana sitalisema popote. Mwaka ule wa kwanza Bi Zuhura aliomba afunge AC ndogo nje ya dirisha la mama yake. Mama alikuwa na pumu. Kikao kilifanyika sebuleni kwetu. Elijah alisema tukimruhusu mmoja, kufikia Krismasi ukuta utafanana na kibanda cha kutengeneza redio. Watu walicheka. Mimi ndiye niliyepitisha chai na mandazi, na mimi pia nilicheka. Ilikuwa imesemwa vizuri.

Yule mama alirudishwa Mombasa mwezi uliofuata.

Jumapili, 19 Januari

Nimegonga kwa Bi Zuhura nikiwa na karatasi mkononi. Ana duka la vitambaa mjini, Jumapili hufungua saa nane. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasoma ombi lote, mstari kwa mstari, mpaka jina la fundi. Nilitaka sakafu inimeze.

Akasema, "Mamangu alikuwa akilala kwa kiti, mwalimu. Kitandani pumzi zilikuwa haziji."

Halafu akaweka sahihi.

Afadhali angenitukana. Matusi ningeyajibu.

Alhamisi, 23 Januari

Hakuna jibu. Mwenyekiti wa sasa ni Odhiambo, anayejiita Engineer kwa kuwa anauza saruji. Nimekutana naye kwenye ngazi. "Tutaangalia, mwalimu. Process ni process." Alikuwa amebeba tikitimaji. Sijui kwa nini tikitimaji lile limeniudhi hivi.

38.9 saa tisa. Shuka halitoshi tena. Nimeshuka ufukweni kwa wanawake wa samaki, nikanunua barafu wanayolazia mbuta. Nimeifunga kwa taulo, nikamwekea kwapani na shingoni. Joto lilishuka. Chumba kizima kinanuka soko.

Elijah akasema, "Nyar Kuria, sasa umeamua kunipeleka sokoni." Hivyo ndivyo anavyoniita tangu anioe, binti wa Wakuria kwa Kijaluo. Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia huku nimefungulia bomba.

Jumanne, 28 Januari

Ujumbe kutoka kwa Jared, katibu wa kamati:

"Mwalimu habari ya asubui. Ombi lako limepitia kwa kamati jana. Asante sana na Mungu akubariki."

Nimeusoma mara mbili nikiwa nimesimama. Nimempigia Were kabla hata ya kumwambia Elijah. Were yuko tayari Ijumaa.

Elijah akasema, "Kamati hii? Wiki mbili tu?" Nikamwambia ajifunze kushukuru. Nikamwambia watu si wabaya wote.

Ijumaa, 31 Januari

Vumbi kila mahali, na sijali. Were na wenzake wawili wamekata dari ya korido kutoka ngazini hadi mlangoni kwetu. Mabomba yenyewe ni mapana, ya rangi ya fedha. Nimeyagusa kila walipopumzika, nikawa najionea aibu. Kufikia saa kumi matundu mawili yalikuwa yamefunguliwa juu ya kitanda. Jumatatu wanapandisha mashine.

Elijah anayatazama matundu. Sikumuuliza anawaza nini. Nina furaha, na nimeiandika hapa ili niamini.

Jumamosi, 1 Februari

Odhiambo alirudi kutoka kanisani, akaona dari. Nilimsikia kabla ya kumwona. Kabla hajafika mlangoni picha zilikuwa tayari kwenye grupu la WhatsApp.

"Nani amekupatia ruhusa ya kuvunja nyumba ya watu?"

Nikamwonyesha ujumbe wa Jared. Akausoma. Akacheka, kicheko cha kweli, cha tumboni. Akamwita Jared apande.

Jared alisimama na suti yake ya Sabato, akitazama viatu. "Limepitia, mwalimu. Si nilisema limepitia? Kamati iliangalia. Sasa kupitisha ndio bado."

Niliketi kwenye ngazi.

Limepitiwa na kamati: limesomwa, basi. Limepitishwa: limekubaliwa. Na kuna hili la tatu, "limepitia kwa", ambalo si hili wala si lile, na ambalo watu wa huku hulitumia kwa yote mawili. Barua ilipitia kwa chifu. Jina lilipitia kwa bodi. Utajua maana ukifika ofisini na kufukuzwa. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini. Nimelizungushia kosa hili kalamu nyekundu hadi kidole kikaota sugu. Jared mwenyewe alikaa dawati la mbele kidato cha pili na nililizungushia kwake.

Odhiambo alipokuwa akishuka alisema, "Na wewe ndiye unatufundishianga watoto Kiswahili."

Si kosa la Jared. Ingekuwa insha ya mwanafunzi ningeliona kosa. Nilisoma nilichokuwa nakitaka, kama mjinga yeyote.

Jumatatu, 3 Februari

Karatasi imebandikwa mlangoni. Kazi isimame. Kikao Jumapili, chini, pale pa kuegesha magari. Mwenye nyumba afike mwenyewe ajieleze. Hati ya nyumba ina jina la Elijah peke yake. Mimi ni mkaaji. Miaka ishirini na saba ya ndoa, na kwenye karatasi ni mkaaji.

Na aliyeandika kwamba mwenye nyumba ajisemee mwenyewe, asitume mtu, ni nani? Simwulizi. Namtazama tu, naye anajua.

Korido ina dari iliyopasuliwa na mabomba yananing'inia. Kila anayepita anainua macho, kisha anatazama mlango wetu.

Jumamosi, 8 Februari

Tumerudi kutoka hospitalini. Alhamisi joto lilifika 40.1, macho yakageuka, akaanza kutetemeka sehemu ile ya mwili inayoweza kutetemeka. Vijana wanne wa bodaboda walimshusha ngazi na godoro lake. Wanne hao hao wamempandisha leo.

Daktari alikuwa mchanga na mwenye haraka. Alisema mambo mawili tu. Poza chumba, au mwondoe huku. La tatu hakulisema, akaangalia faili.

Kaka yangu Marwa amepiga simu kutoka Kehancha. Huko juu kwetu watu wanalala na blanketi mbili. Kuna nyumba ya kupangisha karibu na boma lake, chini, bila ngazi. Nilimweleza Elijah.

"Nikakae kwa wakwe? Nikojoe kwenye mfuko mbele ya shemeji zangu? Bora nifie hapa."

Nikamuuliza, na kwao Rangwe je? Jibu tunalijua sote wawili. Kwao mwanaume hajengewi, anajenga mwenyewe katika boma la baba yake. Nyumba ya mama yake haruhusiwi kulala. Ya mwanawe pia haruhusiwi. Ndugu zake walimwambia miaka yote ajenge hata chumba kimoja cha mabati. Aliwacheka. Alisema yeye amejenga hewani, ghorofa ya tatu. Sasa duniani ana mahali pamoja pa kuweka kichwa, na ndipo panapomuua.

Jumapili, 9 Februari

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne walikuwa wamepanga viti chini. Bi Zuhura alishuka, akawaambia, "Mwenye nyumba hawezi kushuka. Basi kikao kipande." Odhiambo alitafuta kanuni ya kukataza hilo, hakuipata. Wakapanda.

Waliingia chumbani wenye nyumba wote, wakajipanga mgongo ukutani, kwenye joto lile. Nusu saa. Sikuwasha feni. Nilifanya kusudi. Odhiambo alijipangusa uso kwa leso mpaka leso ikalowa. Jared alijipepea na kitabu cha kumbukumbu za vikao. Niliwaona wakimtazama Elijah, midomo yake iliyopasuka, taulo la barafu, na nikaona nyuso zinalegea. Odhiambo akakohoa. Akasema yeye pia ana mzazi. Akasema kwa sababu ya ubinadamu, na kwa kuwa jirani wa korido amekubali, kamati haina pingamizi kubwa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nishukuru.

Elijah akaomba kusema.

Alisema polepole, akipumzika. "Hapa katikati yenu kuna mtu niliyemnyima. Alikuwa na shida kama yangu. Nilimnyima na mkacheka. Kama leo sheria inapindwa kwa ajili yangu, basi siku ile haikuwa sheria. Ilikuwa ni mimi tu." Kisha akamwambia Jared, "Andika. Mwenye nyumba ameondoa ombi lake. Ameondoa, umesikia? Usiandike kitu kingine."

Bi Zuhura akamwita kwa jina la binti yetu, "Baba Akinyi, mimi nimeshasaini. Sijakudai chochote."

"Najua," akasema.

Jared aliandika. Safari hii aliandika vizuri.

Na wakafurahi! Hilo ndilo sitasahau. Walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Odhiambo alisema wanaume wa namna hii wamekwisha. Walitoka wakiwa wepesi, wakaenda kwenye upepo wao. Bi Zuhura pekee hakumpa mkono. Alinitazama mimi, akatoka.

Nilifunga mlango nikamwambia: "Umejinunulia heshima kwa jasho langu. Wewe jasho huna."

Akafumba macho. Nililoweka shuka. Nifanye nini kingine?

Jumatano, 12 Februari

Were ameng'oa mabomba. Ameziba dari na kupaka rangi, lakini nyeupe yake si nyeupe ya zamani, kwa hivyo njia nzima inaonekana, kutoka ngazini hadi kwetu. Matundu mawili juu ya kitanda ameyaziba kwa mbao. Hakunidai kazi ya leo. Nilitamani anidai, nipate mtu wa kugombana naye.

38.7, 38.9, 38.8.

Mchungaji wa Elijah amekuja kumsifu. Habari imefika kanisani. Nilimpa mgeni soda, nikakaa jikoni mpaka aondoke.

Ijumaa, 14 Februari

39.3. Anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita mamake.

Nimewaza hivi. Ana haki ya heshima yake. Ana haki ya kujuta namna anavyotaka. Lakini je, nani alimwambia kujuta kwake kulipwe na mimi? Bi Zuhura hakuomba kifo cha mtu. Aliomba mama yake apumue. Elijah anadhani akifa kwa kanuni yake mwenyewe atakuwa amelipa. Hatakuwa amelipa. Atakuwa amekufa, na mimi nitabaki na ukuta safi usioning'inizwa kitu.

Nimempigia Marwa. Sikumwomba Elijah ruhusa. Nimeandika sentensi hii mara moja, siirudii.

Jumapili, 16 Februari

Vijana wanne wa bodaboda, godoro, kamba mbili. Elijah alikuwa na akili zake, joto la asubuhi halijapanda. Alijua.

Ghorofa ya pili, pale ngazi zinapogeuka, alishika chuma cha ngazi kwa mkono wake wa kulia. Mikono yake bado ina nguvu. Vijana wakakwama.

"Nyar Kuria. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

Milango ilikuwa wazi. Odhiambo alikuwa amesimama kwenye wake, na fulana ya ndani. Vijana walinitazama mimi, kisha wakamtazama yeye, mwanaume mwenye nyumba, kisha mimi tena. Wa mbele alikuwa na jasho machoni na hakuweza kulipangusa.

Niliubandua ule mkono. Kidole kimoja kimoja, kutoka kwenye chuma. Vidole nilivyovishika madhabahuni. Alikuwa akinitazama muda wote.

"Shusheni," nikasema.

Bi Zuhura alitufuata nyuma na mto na mfuko wa mkojo, akaviweka garini mwenyewe. Rongo, Migori, Kehancha. Baada ya Migori hewa ilianza kubadilika. Nilimpima kwenye gari: 37.5. Nikamwonyesha namba. Akageuza uso.

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba ni vyumba viwili. Sakafu ya saruji, mlango mpana. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mahindi.

36.6. Imekuwa hivyo siku kumi na tano. Midomo imepona. Anakula ugali wa wimbi anaoletewa na mke wa Marwa, mpaka anamaliza. Marwa hupita jioni na kusalimia akiwa uani, haingii, kwa adabu. Elijah husikia salamu na kugeukia ukuta.

Kwangu husema yanayohitajika. Maji. Geuza. Tosha.

Leo mchana mvua ilinyesha, ya kwanza kubwa. Nilikuwa nje kwenye kiti nikichambua mboga. Nikamsikia analia ndani, sauti ya chini, ya mtu anayeamini mvua inamficha kwenye mabati. Sikuingia. Kuingia kungekuwa kumwibia hata hicho.

Anaishi. Ndicho nilichotaka, na ningefanya tena, hata vile vidole. Sina la kujitetea na sijaulizwa.

Alipomaliza nilisubiri kidogo, nikasukuma kiti kwa kelele ili ajue ninakuja. Kisha nikaingia kumgeuza, maana saa ya kumgeuza ilikuwa imepita.